Kinga Isiyokinga: Namna ya Kununua na Kufunga Waya wa Breki Likasi

Likasi baiskeli tunaiita kinga. Msomaji wa Tanga au Nakuru akisikia hivyo atafikiri ni chanjo, au ukuta, au dua ya kumwepusha mtu na madhara. Aje basi asimame kando ya barabara asubuhi, aone magunia matatu ya makala, yaani mkaa, yakishuka mteremko juu ya hiyo kinga, na mwenyewe nyuma ya magunia kabana kisigino cha kandambili kwenye tairi ili lipunguze kasi. Hapo atajua kwamba lugha nayo inapenda utani.

Mwongozo huu ni wa mwenye baiskeli ya waya. Kama yako ni ile nyeusi ya gurudumu la 28, Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana au Raleigh aliyoiacha babu, yenye breki za fito, ufunge ukurasa ukalale. Fito hazina siri. Ukivuta mkono, fito inavuta fito mwenzake, naye anapandisha raba mpaka kwenye rimu. Ikigoma unaigonga na jiwe, inakumbuka kazi yake. Baba yangu aliendesha ya namna hiyo tangu mji wetu ukiitwa Jadotville, kabla ya 1966, na sikumwona akiinunulia breki ile kitu zaidi ya raba.

Lakini wewe ulitaka ya kisasa. Uliiona vetete, baiskeli ya milimani, imeshuka kutoka Ulaya, rangi ya machungwa, ina vitesi (gia) 21, na muuzaji akakuhakikishia kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanamke wa Ubelgiji aliyeitumia Jumapili tu. Ukalipa. Leo kati ya vitesi 21 unatumia kimoja, kile ambacho mnyororo ulijichagulia wenyewe, na ukivuta breki ya mbele mkono unakuja mpaka ukagusa usukani kama mtu anayekusalimia. Karibu. Ugonjwa wako ni waya.

Cha kwanza ni kungoja. Waya wa breki kwa kawaida husokotwa kwa nyuzi 19 za chuma, na hauvunjiki wote kwa siku moja, ni mstaarabu kuliko hivyo. Huanza uzi mmoja, mara nyingi ndani ya mkono wa breki, pale waya unapoingia kwenye kichwa chake kidogo na kukunjwa kila unapobana. Mpumbavu huugeuza mkono wa breki, akachungulia, akaona uzi mmoja umesimama kama unywele wa mzee, akaenda kununua mwingine siku hiyohiyo. Mwenye hekima ya mji hungoja zibaki nyuzi tano. Zikibaki tano hujisemea kwamba tano si haba, mbona mkono una vidole vitano na unainua mtoto. Nyuzi hizo tano zinakatika siku ya mvua, penye mteremko, na aliyepakiwa nyuma ni shemeji.

Siku hiyo ndipo utakwenda sokoni.

Ukifika Kikula, usianze kwa kutaja neno "kable" kwa sauti kubwa. Mji huu umejengwa juu ya shaba. Madini ya Kambove na mitambo ya Shituru ndiyo yaliyowaleta babu zetu hapa, na kwetu kable maana yake ya kwanza ni ile ya umeme, ya shaba, inayolala juu ya nguzo jioni na asubuhi haipo. Mtu anayeulizia kable sokoni huangaliwa mara mbili. Sema "kable ya kinga", haraka, kabla watu hawajaanza kukuonea huruma.

Na kwa kuwa tumeitaja shaba, atatokea binamu wa kukwambia usipoteze faranga zako: yeye ana kipande cha waya wa shaba nyumbani, safi kabisa, kitatosha breki zote mbili na kitabaki cha kufungia mlango wa kuku. Msikilize kwa heshima, maana ni mtu wa ukoo, kisha uondoke. Shaba ni kitu kizuri kwa kupitisha umeme na kwa kuwatajirisha watu wa mbali, ila ukiivuta inarefuka na hairudi, na ukiikunja mara nyingi mahali pamoja inakauka ikakatika kama biskuti. Waya wa chuma wa breki unavumilia mvuto ulio mara kadhaa zaidi. Hii ni aibu ndogo ya mji wetu: tumekaa juu ya shaba ya kuzungushia dunia, na kitu cha kusimamishia baiskeli hakimo ndani yake. Shinkolobwe, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la 1945. Nusu mita ya ganda la waya tunaingoja itoke Lubumbashi.

Muuzaji wako ni kijana aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake gunia, juu ya gunia kila kitu ambacho baiskeli imewahi kudondosha. Zungumza naye hivi:

"Jambo, mdogo wangu. Uko na kable ya fereni?" (Fereni ndiyo breki.)

"Iko, yaya." (Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlea watoto. Wasomaji wa pwani msicheke.)

"Hii haiko ya vitesi?"

"Yaya, kable ni kable. Inavuta."

Neno lake ni kweli tupu, kama vile kamba ya viatu nayo inavuta. Sasa ukitaka kufuata desturi, lipa uende. Ukitaka kurudi nyumbani na meno yote, inama uangalie. Waya wa breki una unene wa milimita moja na nusu au kidogo zaidi. Wa gia una milimita moja na kitu kidogo tu. Huna rula? Washike wote wawili kwa pamoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uwazungushe: mwembamba utaujua, kidole kina akili kuliko muuzaji. Kisha tazama kichwa. Wa gia una kichwa kidogo kama punje ya mtama. Wa breki wa vetete una kichwa kama kipipa kilicholala, na wa baiskeli za mashindano, zile za usukani wa pembe za kondoo, una kichwa cha umbo la pea. Nyingine zinauzwa zikiwa na vichwa vyote viwili, kimoja kila upande, nawe unakata usichokihitaji. Hapa pana mchezo ninaoupenda sana: fundi mwenye haraka hukata kile unachokihitaji. Nimeuona kwa macho yangu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nina baiskeli nyingine.

Ukitia waya wa gia kwenye breki, kichwa chake kitakaa vizuri tu ndani ya mkono, kitatulia, kitakungoja. Siku utakayobana kwa nguvu kitapenya tunduni kikatoka. Siku nyingine zote breki yako itafanya kazi vizuri sana.

Swali la kutu na lisikuchukulie muda. Waya usioshika kutu unang'aa na ni ghali; uliopakwa zinki ni wa kijivu na ni rahisi. Kwa mvua zetu za Novemba mpaka Machi wa kijivu utaanza kukoroma ndani ya ganda kabla ya Pasaka. Kama unao uwezo, nunua unaong'aa. Kama huna, nunua wa kijivu na mafuta.

Ganda, sasa. Hapa ndipo mji mzima unapoanguka, na mimi niliangukia hapohapo, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo.

Waya peke yake hauwezi chochote. Kinachoufanya uvute breki ni lile ganda la nje, ule mpira mweusi ambao watu hudhani ni nguo tu ya kuuzuia waya usichafuke. Waya unavuta, ganda linasukuma. Ganda likikubali kufinyika, nguvu za mkono wako zinaishia njiani. Fikra hiyo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1896 na Ernest Monnington Bowden, ambaye watu humchanganya kila siku na Frank Bowden, mwenye kiwanda cha Raleigh, ingawa hawakuwa mtu mmoja. Mwaka huohuo Kongo ilikuwa shamba la Mfalme Leopold, na huko kwenye misitu ya Ekwateri watu walikuwa wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira, ambao sehemu yake ilikwenda kuvalisha magurudumu ya baiskeli za Ulaya. Kwa hiyo deni la tairi tulishalipa, na zaidi. Breki tunadaiwa bado.

Maganda ni ya aina mbili, na kwa nje yanafanana kama mapacha. La breki ndani yake lina utepe wa chuma uliozungushwa kama nyoka aliyejikunja, mzunguko juu ya mzunguko, na mara nyingi lina unene wa milimita tano. La gia, milimita nne kwa kawaida, nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu, sambamba, kama nyasi za ufagio zilizofungwa pamoja. Lilitengenezwa hivyo lisifinyike hata kidogo, ili kila mbofyo wa gia ufike ulikotumwa. Kwa gia ni kitu safi. Kwenye breki, ambako mkono wa mtu mwenye hofu unavuta mara nyingi zaidi ya gia, kilichozishika nyasi zile ni plastiki tu. Plastiki ikipasuka ufagio unafunguka.

Kwa hiyo mwambie kijana akuonyeshe ncha ya ganda pale lilipokatwa. Ukiona duara moja la chuma, ni la breki. Ukiona vinukta vingi vimepangwa kuzunguka tundu kama mbegu kwenye tango, ni la gia. Ni kazi ya sekunde tatu. Mimi sikuifanya, kwa sababu nilikuwa nimevaa shati jeupe na sikutaka kuinama.

Nunua refu. Usukani ukigeuka kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, ganda lisivute wala lisikunjike kona kali. Upinde mpana, kama mtu anayepita mbali na mbwa. Fundi bahili atakukatia fupi akuhakikishie kwamba linapendeza. Kweli linapendeza, ila kila ukikata kona kushoto baiskeli inajifungia breki yenyewe.

Kukata kuna vyombo vyake, vinauzwa, na hakuna aliyenavyo. Hapa hutumika patasi, nyundo na kipande cha reli. Ganda likipigwa hivyo mdomo wake unafumbwa kama wa mtoto anayekataa dawa, na ncha ya utepe inageukia ndani, tayari kuukwaruza waya maisha yake yote. Chukua tupa, usawazishe mdomo mpaka uwe tambarare. Kisha chukua msumari mwembamba au spoku iliyochongwa, ulizibue tundu la plastiki ya ndani. Kila ncha ivae kikofia chake cha chuma. Vikofia hivyo ni vidogo, huanguka kwenye vumbi jekundu, na fundi atakuambia havina kazi. Atakuambia hivyo baada ya kukipoteza cha pili.

Mafuta. Nimeona watu wakitia mafuta machafu ya injini, nimeona mafuta ya cherehani, na nyumba moja nilikaribishwa kuonja breki iliyotiwa mawese. Ilinukia vizuri. Baada ya wiki mbili vumbi la kiangazi lilikuwa limeingia humo likakandika, na waya ukawa unatembea kwa kusitasita. Ganda lenye plastiki ndani linataka grisi kidogo sana, ya kupaka kwa vidole viwili, basi. La zamani lisilo na plastiki linahitaji zaidi.

Kabla ya kupenyeza waya, amua mkono gani ushike breki ipi, maana vetete zetu zimetoka nchi nyingi na kila moja imekuja na mila zake. Ya Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia. Za Ubelgiji na Ufaransa aghalabu iko kushoto. Baba mwenye mbili hizo nyumbani, akitoka usingizini akachukua isiyo yake, atajua tofauti penye kona ya kwanza. Ukibadilisha, watangazie watu wote wa nyumba, na mjomba ambaye huja kuazima bila kuuliza mtangazie mara mbili. Na ukiona mkono wa breki umenunuliwa peke yake, angalia kama ni wa aina ya breki yako: zile breki ndefu za kusimama pande mbili za gurudumu zinahitaji mkono unaovuta waya mwingi, na ukizipa mkono wa breki za kizamani utabana mpaka usukani na raba hazijafika.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya watu watatu na hufanywa na mmoja. Mmoja azibane raba kwenye rimu, wa pili auvute waya kwa koleo, wa tatu akaze nati kwa funguo namba 10. Ukiwa peke yako zifunge raba kwa kipande cha mpira wa tyubu, nao utakushikia bila kuomba soda. Kabla ya hapo, ile skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye mkono wa breki iingize mpaka mwisho, kisha irudishe mizunguko miwili. Watu hukaza nati wakiwa wameitoa skrubu hiyo yote nje, halafu kesho waya ukilegea hawana pa kwenda. Utalegea. Si kwamba waya umerefuka, ni maganda na vikofia vinakaa mahali pake. Ubane mkono kwa nguvu zako zote mara kumi hapo hapo ulipo, umesimama, ukiwa hai, halafu kaza upya.

Ncha ya waya iliyobaki ikate ibaki vidole viwili. Ikiachwa wazi itachanuka na itakuchoma mguu kila siku mahali palepale. Kuna vifuniko vyake. Nati ndogo ya spoku iliyobanwa kwa koleo inafanya kazi hiyohiyo, na mtaani zimejaa.

Gia nitazipitia mbio, kwa sababu huzitumii. Weka mnyororo kwenye meno madogo kabisa ya nyuma, hakikisha mkono wa gia nao uko kwenye namba yake ya mwisho, vuta waya mpaka ukome kulegea, kaza. Ukibofya na mnyororo ukasita kupanda, legeza ile skrubu ya nyuma nusu mzunguko itoke nje. Ukiruka mawili, rudisha ndani. Ukishindwa, una kile kimoja.

Kinachobaki ni kujaribu. Kitabu kingesema ujaribu polepole, penye tambarare, bila mzigo. Mimi nilipakia gunia la makala, maana nilikuwa nimeombwa nilipeleke na sikuona sababu ya kufanya safari mbili. Mteremko ulio karibu na kwetu si mkali, una urefu wa kutosha tu mtu kujutia. Katikati yake nikabana. Breki ikashika vizuri kabisa, nikaanza hata kujisifu. Kisha pakasikika mlio mdogo mbele yangu, kama mtu anayekunjua karatasi ya peremende, na pale ganda lilipopinda juu ya gurudumu plastiki ikafunguka, nyuzi zikachomoza pande zote, nyembamba, zinang'aa, zimesimama wima. Mkono wa breki ukawa mwepesi kama kijiko.

Nilikuwa na kandambili. Moja iliniachia kwenye tairi. Kilichonisimamisha ni chungu ya mchanga wa watu wanaofyatua matofali, na gunia likatangulia. Mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya zake hakunyanyuka. Aliniangalia, akaangalia makala yaliyotapakaa mpaka karibu na nyanya, akauliza kwa upole:

"Papa, fereni yako iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaushika ule ufagio wa chuma, akauchunguza, akasema utafaa kuzibulia tundu za mbabula, jiko la makala.

Wiki iliyofuata nilirudi Kikula bila shati jeupe. Kijana alikuwa juu ya ndoo yake na rola ileile ya ganda, sasa imepungua.

"Yaya! Ile kable ilifanya kazi?"

"Ilifanya kazi mara moja. Ile ganda haikuwa ya fereni, mdogo wangu."

"Haina neno, yaya. Hii ingine iko ya nguvu mingi."

Nikainama, magoti yakalia, nikaigeuza ncha nikaiangalia juani. Vinukta, vimepangwa kuzunguka tundu. Nikaomba nione ile iliyokuwa chini ya gunia, kuukuu, ina vumbi, hakuna aliyekuwa akiitaka kwa sababu ni nene na ngumu kukunja. Duara moja. Nikachukua mita mbili za hiyo. Halafu nikakumbuka vitesi vyangu 20 visivyotumika, nikamwambia anikatie na ile ya kwanza, mita moja na nusu.

Akacheka, akapiga paja. "Unaona? Nilikuambia iko muzuri."